Ukubwa wa Molekuli ya Kiyeyushi na Nishati ya Kuyeyusha Molekuli Kubwa: Historia ya Mgogoro wa Hesabu, 1887–1999

Mwaka 1991 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala mafupi ya Kim Sharp, Anthony Nicholls, Richard Fine na Barry Honig. Makala hayo yalishughulikia tofauti iliyokuwa ikijulikana kwa miaka mingi bila kupatiwa maelezo ya kuridhisha. Mafuta na maji havipatani, na gharama ya kutopatana huko yaweza kupimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupima namna haidrokaboni zenye molekuli za ukubwa mbalimbali zinavyoyeyuka kwa shida katika maji, kisha kuigawanya nishati inayohusika kwa eneo la uso wa molekuli. Kwa njia hiyo hupatikana takriban kalori 25 kwa moli kwa kila angstromu ya mraba. Njia ya pili ni kupima mvutano wa uso mahali tabaka la mafuta linapogusana na tabaka la maji, na hapo hupatikana takriban kalori 72. Jambo linalopimwa ni lile lile, lakini jibu moja linakaribia kuwa mara tatu ya lingine.

Pendekezo la waandishi hao wanne lilikuwa kwamba kipimo cha kwanza kilikosewa katika kukokotoa, wala si katika maabara. Wanakemia walikuwa wamesahau kwamba molekuli ya maji ni ndogo mno ikilinganishwa na molekuli zinazotiwa ndani yake. Tofauti hiyo ya ukubwa ilipoingizwa katika hesabu, kalori 25 zikawa 47, na pengo lililobaki likaelezwa kwa kupinda kwa uso wa molekuli ndogo. Kanuni waliyoitumia kusahihisha haikuwa mpya. Ilikuwa imetungwa nusu karne kabla, kwa ajili ya mpira.

Hoja inayojengwa katika sura hii ni kwamba pendekezo la 1991 lilizikutanisha historia mbili zilizokuwa zimekwenda sambamba bila kujibizana. Katika historia ya kwanza, iliyokulia kwa watafiti wa polima, udogo wa molekuli ya kiyeyushi huisaidia molekuli kubwa kuyeyuka. Katika ya pili, iliyokulia kwa watafiti wa gesi na wa maji, udogo huo huo huizuia. Mabishano yaliyofuata yameelezwa na baadhi ya walioyashuhudia kuwa ni ugomvi wa istilahi na vizio tu. Maelezo hayo hayatoshi. Kilichobishaniwa ni swali ambalo nadharia ya 1941 ililipita kando bila kuligusa: ni nani anayelipa gharama ya kuipatia molekuli kubwa mahali pa kukaa?

Usawa uliochukuliwa kuwa wa kawaida

Mwaka 1887 François-Marie Raoult, aliyefanya kazi Grenoble, Ufaransa, alitangaza kanuni ya kanieneo ya mvuke. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kitu kikiyeyushwa ndani ya kimiminika, kanieneo ya mvuke wa kimiminika hicho hushuka kwa kadiri ya idadi ya molekuli zilizoongezwa. Kinachohesabiwa ni idadi, ukubwa haumo. Molekuli moja ya sukari ina uzito ule ule katika hesabu kama molekuli moja ya urea. Mwaka huo huo J. H. van 't Hoff alionesha kwamba kanieneo ya osmosisi katika myeyusho hafifu hufuata kanuni ya umbo lile lile na kanuni ya gesi, na hapo pia idadi ndiyo iliyotawala.

Kanuni ya Raoult ilifaulu sana, na mafanikio yake yakaifanya kuwa zaidi ya kanuni. Ikawa kipimo cha ukamilifu. Myeyusho uliotii uliitwa kamilifu, na ule uliokaidi ulitafutiwa sababu katika nishati: ama molekuli zinavutana kupita kiasi, ama zinasukumana. Kwamba ukaidi ungeweza kutokea hata pale ambapo hakuna joto lolote linalotolewa wala kufyonzwa, kwa sababu tu molekuli hazilingani kwa ukubwa, halikuwa jambo lililowashughulisha wengi. Hata J. H. Hildebrand wa California, ambaye tangu kitabu chake cha 1924 alikuwa mwenye mamlaka kuhusu uyeyukaji, aliijenga dhana yake ya myeyusho wa kawaida mwaka 1929 juu ya entropia ya Raoult.

Hapakuwa na uzembe katika hili. Viyeyushi vya maabara za karne ya 19 na viyeyushwa vyake vilikaribiana kwa ukubwa, na katika miyeyusho hafifu sana makosa ya kutojali ukubwa hujificha. Ilihitajika dutu ambayo molekuli yake ni kubwa kuliko ya kiyeyushi chake mara mia au mara elfu. Dutu hizo zilikuwapo, nazo ni mpira, selulosi na protini, ila hadi miaka ya 1920 wanakemia wengi waliamini kwamba hizo ni mafungu ya molekuli ndogo zilizoshikamana. Hermann Staudinger, aliyeanza kutetea wazo la molekuli ndefu mwaka 1920, alipingwa kwa takriban muongo mzima. Swali la kuyeyusha molekuli kubwa halikuweza kuulizwa kabla ya kukubalika kwamba molekuli kubwa zipo.

Mpira, benzeni na mashimo ya bao

Mwaka 1937 R. H. Fowler na G. S. Rushbrooke wa Cambridge walijaribu kukokotoa mchanganyiko wa molekuli zinazokalia nafasi moja moja na nyingine zinazokalia nafasi mbili. Waligundua kwamba hata bila joto lolote la kuchanganyika, mchanganyiko huo hautii kanuni ya Raoult. Mkengeuko wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini ikiwa nafasi mbili zilitosha kuleta mkengeuko, nafasi elfu zingeleta nini? Kurt H. Meyer, aliyekuwa Geneva, naye alipendekeza kwamba minyororo ya polima ifikiriwe kuwa imepangwa katika kimiani, kila kiungo cha mnyororo katika chumba kimoja.

Hesabu kamili ilikuja mwaka 1941, kutoka kwa watu wawili waliofanya kazi katika viwanda vya Marekani. Maurice Huggins alikuwa Rochester katika maabara za Kodak, kampuni ambayo filamu zake zilitengenezwa kwa selulosi iliyoyeyushwa. Paul Flory, aliyekuwa msaidizi wa Wallace Carothers huko DuPont, wakati huo alikuwa katika maabara za Esso, New Jersey. Barua ya Huggins ilitangulia ile ya Flory katika juzuu lile lile la Journal of Chemical Physics, na makala marefu ya wote wawili yalitoka mwaka 1942. Huko Uholanzi, nchi iliyokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, A. J. Staverman naye alifikia matokeo ya namna hiyo mwaka 1941. Jina lake halikuingia katika jina la nadharia.

Husemwa mara kwa mara kwamba nadharia hii ni mtoto wa vita, yaani ilizaliwa na upungufu wa mpira baada ya Japani kuiteka Malaya. Tarehe zinakataa. Barua zote mbili zilichapishwa kabla ya Desemba 1941, wakati Malaya ilikuwa bado mikononi mwa Waingereza. Vita viliipa nadharia hiyo hadhira na fedha, lakini havikuizaa. Athari ya upungufu wenyewe ilihisiwa kwingine, kwa mfano katika Kongo ya Wabelgiji, ambako wanavijiji walirudishwa msituni kwa shuruti kugema mpira mwitu.

Wazo la Flory na Huggins laweza kuelezwa kwa mfano wa bao. Tuchukue bao lenye mashimo mengi yaliyo sawa. Molekuli ya kiyeyushi ni kete moja inayokaa shimo moja. Molekuli ya polima ni kete elfu zilizotungwa katika uzi, kila kete ikikaa shimo lililo jirani na la mwenzake. Entropia ya mchanganyiko ni hesabu ya namna ngapi bao laweza kujazwa. Kete huru huweza kwenda popote; kete ya tatu katika uzi haiendi popote isipokuwa karibu na ya pili. Baada ya kuhesabu, na baada ya makadirio ambayo wote wawili waliyakiri, hupatikana tokeo sahili mno: katika kanuni ya entropia, mgawo wa moli ubadilishwe kwa mgawo wa ujazo. Kila aina ya molekuli ihesabiwe kwa nafasi inayoijaza, wala si kwa idadi ya vichwa.

Ukubwa wa badiliko hili huonekana kwa kukokotoa mfano mmoja. Polima yenye viungo 1,000 ichanganywe na kiyeyushi kwa ujazo nusu kwa nusu, bila joto lolote. Kwa hesabu ya Raoult, molekuli za polima ni takriban moja kati ya 1,000, hivyo kanieneo ya mvuke wa kiyeyushi ingeshuka kwa asilimia 0.1 tu. Kwa hesabu ya Flory na Huggins hushuka kwa takriban asilimia 18. Hakuna kipimo cha maabara kisichoweza kutenganisha majibu hayo mawili. Vipimo vya Geoffrey Gee na L. R. G. Treloar, waliochunguza mpira katika benzeni huko Uingereza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1942, vilionesha mkengeuko mkubwa kutoka kwa Raoult wa aina iliyotabiriwa na nadharia mpya.

Kutokana na kanuni hiyo, ukubwa wa molekuli ya kiyeyushi ulipata nafasi ya wazi katika nishati ya kuyeyusha. Katika ujazo uliowekwa, takriban entropia yote ya kuchanganyika hutoka kwa kiyeyushi, kwa kuwa polima ina molekuli chache mno. Molekuli za kiyeyushi zikiwa ndogo, idadi yake katika lita moja ni kubwa, na faida ya kuchanganyika ni kubwa. Zikikuzwa mara mbili, idadi hupungua nusu, faida hupungua nusu, na tofauti ya mvuto ambayo polima ingeweza kuivumilia kabla ya kujitenga nayo hupungua takriban kwa kadiri hiyo hiyo. Kiyeyushi kikifikia ukubwa wa polima nyingine, faida hukaribia sifuri. Ndiyo sababu polima mbili tofauti, hata zikiwa na tabia za karibu sana, kwa kawaida hukataa kuchanganyika. Kwa mtu wa kiwanda cha rangi au cha filamu, hili lilikuwa jibu la swali la kila siku, na yawezekana manufaa hayo ndiyo yaliyofanya misingi ya nadharia isihojiwe mapema.

Hildebrand aliihoji. Katika makala ya 1947 alionesha kwamba kanuni ile ile hupatikana bila bao wala mashimo yake. Inatosha kudhani kwamba kila molekuli katika kimiminika ina nafasi kidogo ya kuzurura, na kwamba nafasi hiyo hukua sawia na ukubwa wa molekuli. Lakini hoja hiyo hukata kuwili. Ikiwa nafasi ya kuzurura haikui sawia na ukubwa, yaani molekuli kubwa iliyo imara na mviringo ina nafasi sawa na molekuli ndogo, basi kanuni inayopatikana ni ya Raoult, bila kujali tofauti ya ukubwa. Mwaka 1957 Hildebrand na Kozo Shinoda walichapisha vipimo vya iodini ndani ya kiyeyushi cha siloksani chenye molekuli ya mviringo, yenye ujazo zaidi ya mara tano ya iodini, wakahitimisha kwamba entropia ya mchanganyiko huo inafuata Raoult. Kwa maneno mengine, ukubwa peke yake si hoja. Umbo na unyumbufu vina sehemu yake. Tokeo hilo lapaswa kukumbukwa tufikapo 1991.

Gharama ya shimo

Historia ya pili ilianza mahali pengine kabisa, kwa watu waliotaka kujua kwa nini gesi huyeyuka. Mwaka 1937, mwaka ule ule wa Fowler na Rushbrooke, Herbert Uhlig alipendekeza kwamba kuyeyuka kwa molekuli ya gesi kufikiriwe kwa hatua mbili. Kwanza kiyeyushi hufunguliwa shimo la kuitosha molekuli. Kisha molekuli huingia na kuvutana na majirani zake. Hatua ya kwanza ni gharama, ya pili ni pato. Uhlig aliikadiria gharama kwa mvutano wa uso wa kimiminika.

Linganisho na nadharia ya bao ni la kufundisha. Katika bao, mashimo yapo tangu mwanzo na hayagharimu kitu. Swali ni nani akae wapi. Kwa Uhlig hakuna shimo lililokuwapo. Kila shimo hununuliwa. Hakuna dalili katika maandishi ya awali ya pande zote mbili kwamba tofauti hii ilionekana kuwa tatizo, kwa kuwa kila upande ulikuwa na dutu zake. Watafiti wa mpira walianza na vimiminika viwili vilivyojaa, mpira na benzeni, na shimo lililofungwa upande mmoja lilifidia lililofunguliwa upande wa pili. Watafiti wa gesi walianza na molekuli iliyotoka mahali patupu.

Kwa upande wa maji, maelezo yaliyotawala hayakuhusu ukubwa kamwe. Mwaka 1945 Henry Frank na Marjorie Evans walieleza entropia hasi ya kuyeyusha gesi katika maji kwa kudhani kwamba maji yanayoizunguka molekuli ya gesi hujipanga kwa mpangilio unaofanana na barafu. Picha hiyo ilivutia na ikaenea. Walter Kauzmann alipoandika mwaka 1959 tahakiki yake mashuhuri kuhusu nguvu zinazoikunja protini, aliiweka athari ya haidrofobi mbele, na tangu hapo swali la mafuta na maji likawa swali la uhai.

Mwaka huo huo wa 1959 Howard Reiss, Harry Frisch na Joel Lebowitz walitoa nadharia ya kukokotoa kazi ya kufungua shimo katika kimiminika cha tufe ngumu. R. A. Pierotti aliitumia kwa gesi katika viyeyushi mbalimbali mwaka 1963 na kwa maji mwaka 1965. Jambo lililoshangaza ni uchache wa mahitaji yake. Alihitaji kujua msongamano wa maji na kipenyo cha molekuli yake, takriban angstromu 2.75, barafu ya Frank na Evans hakuihitaji. Hata hivyo matokeo yalikaribia vipimo. M. Lucas mwaka 1976, na kwa uwazi zaidi B. Lee mwaka 1985, walilifikisha wazo hili mwisho wake: maji huyeyusha mafuta kwa shida si kwa sababu ya vifungo vyake vya haidrojeni moja kwa moja, bali kwa sababu molekuli yake ni ndogo.

Hoja ya Lee huonekana kinyume na akili hadi ifafanuliwe. Maji yana nafasi tupu nyingi zaidi kwa jumla kuliko vimiminika vingi vya kikaboni. Lakini nafasi hiyo imekatwa vipande vidogo vidogo. Kapu la maharage na kapu la ulezi yaweza kuwa na upenyo ule ule kwa jumla, lakini punje ya choroko hupata mahali kati ya maharage isipopata kati ya ulezi. Uigaji wa kompyuta uliofanywa na Andrew Pohorille na Lawrence Pratt, uliochapishwa mwaka 1990, uliunga mkono picha hiyo kwa kulinganisha mashimo katika maji na katika haidrokaboni kama heksani.

Hivyo, kufikia 1990, mwanafunzi wa polima aliyeulizwa athari ya kiyeyushi chenye molekuli ndogo angejibu kwamba kinayeyusha vizuri zaidi. Mwanafunzi wa maji angejibu kwamba kinayeyusha vibaya zaidi. Kila mmoja angekuwa na vipimo vya kumuunga mkono.

Makutano ya 1991

Kundi la Honig katika Chuo Kikuu cha Columbia lilikuwa likitengeneza mbinu za kukokotoa nishati ya protini, na kwa kazi hiyo lilihitaji nambari moja ya kuaminika ya gharama ya uso wa mafuta unaogusana na maji. Uzito wa jambo hili wafaa kupimwa kwa tarakimu. Uthabiti wa protini ya kawaida, yaani tofauti ya nishati huru kati ya protini iliyokunjwa na iliyokunjuka, ni takriban kilokalori 5 hadi 15 kwa moli. Katika kila angstromu za mraba 1,000 za uso wa mafuta zinazofichwa na kukunjwa huko, kuhama kutoka kalori 25 hadi 47 huongeza kilokalori 22. Chaguo la kanuni ya kuhesabia lilikuwa na uzito kuliko uthabiti wote uliokuwa ukitafutiwa maelezo.

Sahihisho lenyewe laweza kufuatwa kwa heksani. Ujazo wake wa moli ni sentimeta za ujazo 131.6, na wa maji ni takriban 18, yaani uwiano wa 7.3. Heksani huyeyuka katika maji kwa kiasi cha miligramu 10 hivi kwa lita. Ikikokotolewa kwa mgawo wa moli, nishati huru ya kuihamisha kutoka heksani halisi hadi maji ni takriban kilokalori 7.8 kwa moli. Kwa kanuni ya Flory na Huggins hupatikana takriban 10.3. Sababu ni kwamba kanuni hiyo inahesabu udogo wa maji kuwa msaada kwa heksani: kuchanganyika na molekuli nyingi ndogo ni faida kubwa. Ikiwa pamoja na msaada huo wote heksani bado haiyeyuki, basi uadui wake na maji lazima uwe mkubwa kuliko ulivyodhaniwa. Mantiki haina kasoro, mradi msaada wenyewe uwepo.

Na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Alfred Holtzer, aliyeijua nadharia ya polima kutoka ndani, aliandika mwaka 1992 akichunguza kama kanuni ya Flory na Huggins inafaa kutumiwa kwa viyeyushwa vinavyogawanyika kati ya maji na vimiminika vya kikaboni. Arieh Ben-Naim wa Jerusalem, pamoja na Robert Mazo, walilikataa sahihisho hilo mwaka 1993. Ben-Naim alikuwa na msimamo wa zamani juu ya jambo hili. Tangu 1978 alikuwa akisisitiza kwamba kipimo kisichohitaji nadharia yoyote ni kile cha idadi ya molekuli kwa ujazo, kwa sababu chenyewe hupima kazi ya kuiweka molekuli mahali palipowekwa ndani ya kimiminika, na si zaidi. Kwa mtazamo wake, kazi ya kufungua shimo imo tayari katika kazi hiyo. Kuitoa sehemu yake kwa jina la entropia ya kuchanganyika ni kutoa kitu ambacho ni sehemu ya jambo lenyewe linalopimwa.

Uzito wa pingamizi hilo huonekana zaidi kipengele cha sahihisho kikiandikwa upya. Sehemu yake kubwa ni ujazo wa kiyeyushwa ukizidishwa kwa joto na kugawanywa kwa ujazo wa molekuli ya kiyeyushi. Hiyo ni kazi ya kanieneo dhidi ya ujazo, na kanieneo yenyewe, kwa maji ya nyuzijoto 25, ni ya gesi kamilifu yenye msongamano wa maji, takriban angahewa 1,350. Katika bao, kazi hiyo ni pato la kiyeyushwa. Katika nadharia za shimo, kazi ya aina hiyo inayokua pamoja na ujazo ni deni lake. Historia mbili zilikuwa zimeandika kipengele cha sura moja kwa ishara zinazopingana, na hakuna aliyelazimika kuliona hilo hadi kanuni ya mpira ilipopelekwa katika maji.

Hue Sun Chan na Ken Dill wa San Francisco walijaribu mwaka 1994 kuzipa pande zote mbili nafasi yake. Katika uchambuzi wao, athari ya ukubwa hutegemea pia umbo: mnyororo mnyumbufu na tufe gumu vyenye ujazo sawa havihesabiwi kwa namna moja, na kanuni ya Flory na Huggins ina haki zaidi kwa mnyororo. Ni jibu la busara, ingawa mwenye nambari ya kutafuta hakulifurahia, kwa kuwa lilimtaka ajue umbo la kila molekuli kabla ya kujua kanuni ya kutumia. Linafanana kwa kiasi kikubwa na yale yaliyokuwa yamedokezwa na kazi za Hildebrand za 1947 na 1957.

Kwa kutazama nyuma, si haki kuwalaumu waandishi wa 1991 kwa kuazima. Walikuwa na vipimo viwili visivyopatana na kanuni iliyofaulu kwa miaka 50. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la kudhani kwamba kufaulu kwa kanuni katika mpira na benzeni kulithibitisha kila dhana iliyoibeba, pamoja na ile ya mashimo yasiyogharimu. Vipimo vya Gee na Treloar havikuwahi kuijaribu dhana hiyo, kwa kuwa katika kimiminika na polima vinavyolingana kwa msongamano wa nafasi, gharama za mashimo hufutana zenyewe.

Pengo kati ya kalori 25 na 72 lilipata maelezo mengine mwaka 1999, kutoka kwa Ka Lum, David Chandler na John Weeks. Kwa mujibu wao, maji hulizunguka shimo dogo bila kuvunja vifungo vyake, na gharama hukua pamoja na ujazo. Shimo likifikia upana wa nanometa moja hivi, vifungo huanza kukatika na gharama hufuata eneo la uso. Ikiwa ndivyo, vipimo viwili vya zamani vilipimwa kila kimoja upande wake wa mpaka huo, na hakukuwa na sababu ya kutarajia vilingane. Katika nadharia hiyo ukubwa unaoamua ni wa kiyeyushwa, na kinachowekea ukubwa huo mpaka ni maji: molekuli zake ndogo na vifungo vyake vya haidrojeni kwa pamoja, vile viwili ambavyo Lee alikuwa amevitenganisha. Sahihisho la 1991 halikukanushwa na maelezo hayo. Liliachwa bila kazi ya kufanya. Majedwali ya amino asidi yaliyokokotolewa kwa mgawo wa moli, kwa mgawo wa ujazo na kwa idadi kwa ujazo yaliendelea kutumika bega kwa bega katika utafiti wa protini.